Kisemeo cha Mtazoea

"Baba, ini linaniuma," mbwa alisema. "Linaniuma tangu zamani, ila sikutaka kukusumbua."

Mzee Chilongani alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, machozi yakamtoka bila aibu. Mbwa mwenyewe hakuwa amefungua mdomo kusema lolote. Alikuwa amelala ubavu juu ya kioo chenye joto, ulimi nje, akihema kwa taabu. Sauti ilitoka kwenye kisemeo, duara jeupe lililoning'inia juu ya kitanda, nayo ilikuwa sauti ya kiume, ya upole, yenye lafudhi ya Kigogo kwa mbali, kama ya kijana aliyelelewa vizuri.

Dodoma ilikuwa imefika huko. Magari yalijiendesha, maghorofa yalijisafisha madirisha, na sasa mifugo ya nyumbani ilikuwa inaongea. Kisemeo kilikuwa fahari ya Kliniki ya Sauti Hai, iliyochukua orofa nzima katika jengo refu kuliko yote Ilazo. Kilifanya kazi hivi: kola ya hisi ilisoma mapigo ya moyo, joto, pumzi na mitetemo ya neva za mnyama. Akili mnemba ikalinganisha alama hizo na za mamilioni ya wanyama waliotibiwa kabla yake, halafu ikatunga maneno ambayo mnyama angeyasema kama angejaliwa kusema. Hilo "kama" lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo la mlangoni, kwa herufi ndogo. Lakini ukishamsikia mbwa wako anakuita baba, utahangaika na herufi ndogo za nini?

Nyuma ya kiti cha mzee alisimama binti yake, Sechelela, mhandisi wa vitambuzi vya lifti. Baba yake alihamia kwake baada ya kufiwa na mke, akaja na sanduku moja na mbwa. Majirani wa ghorofani walipolalamikia kubweka, mzee alimpa mbwa jina la Mtazoea, akawa anamwita kwa sauti kubwa kwenye korido, na kweli wakazoea. Asubuhi hiyo Mtazoea alikuwa ametapika, kisha miguu ya nyuma ikamgomea.

"Ini limeharibika," alieleza roboti mhudumu, mwembamba, mwenye uso wa skrini iliyotabasamu muda wote. "Tunaweza kuchapa ini jipya leo hii kwa seli zake mwenyewe. Likiwekwa kabla ya jioni, atapona. Ikipita jioni, hatuwezi kuahidi."

Gharama ikajitokeza ukutani. Ilikuwa bei ya shamba, na Mzee Chilongani alikuwa na shamba moja tu, la zabibu, kule Mpunguzi. Alilipanda na marehemu mke wake, mche kwa mche.

"Nitaliuza," alisema.

"Baba, subiri kwanza."

"Nisubiri nini, Seche? Amesema mwenyewe!"

"Hujanikosea chochote, baba," kisemeo kikaongeza taratibu. "Umenitunza vizuri siku zote."

Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Sechelela alimhurumia, na hapo hapo akaingiwa na hasira asiyojua amwelekeze nani. Akainua macho darini. Kazi yake ilikuwa kufunga vitambuzi vinavyosoma nyuso za abiria lifti inapokwama, ili mfumo ujue nani ameingiwa na hofu na wa kutulizwa kwanza. Alivitambua palepale: darini palikuwa na vitambuzi vilevile. Vilivyomwelekea mbwa vilikuwa vichache. Vilivyobaki vyote vilimtazama baba yake kitini.

"Baba, hebu toka ukanywe maji. Mimi nitakaa naye."

Mzee alipotoka, Sechelela akakaa kwenye kile kiti, akaukaza uso wake. Kisemeo kilinyamaza kidogo. Kiliporudi, hakikuwa tena na ule unyenyekevu.

"Dada, najua unawaza gharama," kilisema. "Kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo."

Sechelela akamwinamia mbwa. Mtazoea alikuwa amelala vilevile, akihema vilevile. Hakuna kilichobadilika pale isipokuwa mtu aliyekaa kitini.

"Mtazoea, juzi ulikula nini?" aliuliza.

"Chakula changu cha kawaida, dada."

Akamgeukia roboti. "Ni wanyama wangapi wamefia hapa kwenu?"

"Sauti Hai haina rekodi ya kushindwa," roboti alijibu, akitabasamu.

Sechelela alitoka koridoni akaanza kuwapigia madaktari wa mifugo waliokuwa bado wanatibu kwa mikono yao. Walikuwa wachache, na wengi wao walisemwa vibaya mjini, eti wamepitwa na wakati. Wa kwanza alitaka kutumiwa hela kabla hata ya kusikia ugonjwa. Wa pili aliapa kwamba hajawahi kupoteza mgonjwa tangu azaliwe, na Sechelela akakata simu. Aliyefuata alikuwa Daktari Namsifu Mshana, wa Chang'ombe.

"Kuna wanyama waliofia mikononi mwako, daktari?"

 Upande wa pili bomba la maji lilifungwa.

"Wapo," sauti ya mwanamke ikajibu. "Wa mwisho paka, wiki hii. Nilichelewa kumfungua tumbo. Kwa nini unauliza?"

"Na bei zako?"

"Nimezibandika ukutani. Utazisoma kabla sijamgusa. Mgonjwa ana nini?"

"Ni mbwa, hawezi kusimama. Ametapika. Kisemeo kinasema ini."

"Leo amekojoa?"

 Orofa nzima ile yenye vioo na roboti, hakuna aliyeuliza swali hilo.

"Sijui," alisema.

"Basi mlete sasa hivi."

Kumtoa Mtazoea pale haikuwa kazi ndogo. Mzee alishika mlango, akamwambia binti yake kwamba kama ni ubahili aseme tu ni ubahili.  Sechelela alimnyanyua mbwa, na uzito wake uliolegea ukamtisha kuliko maneno yote. Kola ilikuwa bado shingoni, kwa hiyo kisemeo kiliendelea kusema.

"Baba, ananipeleka wapi? Baba, nitafia njiani."

"Unasikia?" mzee alilia. "Unamsikia mwenzako?"

Sechelela akaivua kola kwa meno na mkono mmoja, akaitupa juu ya kitanda. Chumba kikanyamaza. Katika ukimya huo ilisikika pumzi ya mbwa tu, nzito na chafu. Mzee aliwafuata hadi kwenye gari kwa sababu hakuwa na namna nyingine, na njia nzima hakumtazama binti yake. Sechelela naye alikuwa na hofu ya kumtosha. Mbwa akifa, baba yake atakumbuka hadi kaburini kwamba mbwa wake aliomba msaada na bintiye akamziba mdomo.

Zahanati ya Daktari Namsifu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya bati, dripu, darubini na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu. Cheti chake kilikuwa ukutani pamoja na bei, na bei hizo mtu wa mshahara aliziweza. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono iliyojaa makovu ya meno ya paka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu, akitazama sakafu.

Daktari alimpapasa Mtazoea kuanzia ufizi mpaka mkia. Alipofika kiunoni, mbwa aligumia. Akatoa damu kidogo, akaipima kwa kimashine kilichochakaa, akaangalia namba zile, akapima tena.

"Ini lake zima," alisema. "Zinazokufa ni figo. Amekula nini?"

"Chakula chake cha mfuko," alisema Sechelela.

"Na nini kingine?"

"Hakuna."

Daktari hakuwa anamtazama tena Sechelela. "Mzee?"

Mzee Chilongani alikuwa anaigeuzageuza kofia mikononi. 

"Zabibu."

"Kiasi gani?"

"Tulimaliza kuvuna juzi. Watu wa kijijini kila mmoja alipata fungu lake, kama ilivyo kawaida yetu. Aliyelinda shamba naye anapewa. Nikasema na huyu amelinda." Alimwonyesha mbwa kwa kidevu. "Nikamjazia sahani. Aliimaliza yote, akanilamba mkono."

"Zabibu ni sumu kwa mbwa, mzee."

"Amekuwa akiokota moja moja tangu mdogo!"

"Moja moja mwingine anahimili. Sahani nzima ni jambo lingine."

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mzee.

Sechelela alitamani daktari aseme hapana. Alimtazama kabisa kwa macho ya kumwomba. Uongo mdogo tu, wa kumsitiri mtu mzima.

"Ni zabibu," alisema Daktari Namsifu. "Na aliyempa ni wewe, bila kujua. Nisipokwambia utampa tena. Sasa nishikie huu mguu, nitafute mshipa."

Akamtundikia dripu. Maji yangesafisha figo, alieleza, kama bado kulikuwa na figo za kusafishwa. Mkojo ukitoka, kuna matumaini. Usipotoka mpaka kesho asubuhi, hakuna.

"Atapona?" aliuliza Sechelela.

"Sijui."

Hakuna neno lililowahi kumkera Sechelela kama lile, na wakati huohuo hakuna aliloliamini zaidi siku ile. Walikaa. Wahandisi na wakulima hawafanani kwa mengi, lakini pale wote wawili walikodolea macho gazeti kuukuu lililotandikwa chini ya mkia wa mbwa, wakisubiri lilowe. Chupa ya dripu ilikwisha, ikawekwa nyingine. Tumbo la Mtazoea lilianza kuvimba, na daktari akapunguza kasi ya maji, jambo lililowaogopesha zaidi. Mzee alikaa sakafuni, mkono wake ukiwa karibu na pua ya mbwa, ila hakuthubutu kumgusa.

"Kule alisema sijamkosea," alinong'ona.

Sechelela alilinyoosha gazeti chini ya mbwa. 

Alfajiri ilipita, jua likapanda. Daktari alikuwa ameshafungua kabati, akasimama mbele ya chupa fulani ndogo kwa muda mrefu kupita kiasi, na Sechelela akajua ile si dawa ya kutibu. Ndipo Mtazoea alipojikongoja, akasimama kwa miguu yake minne inayotetemeka, akainua mmoja, akakojolea kiatu cha Mzee Chilongani. Alikojoa mkojo mrefu wa rangi ya manjano iliyokolea, usiokwisha.

Daktari Namsifu akafunga kabati. Sechelela alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia daktari bila hodi. Mzee hakuusogeza mguu wake. Alisubiri mpaka tone la mwisho.

"Daktari," alisema baadaye, wakati Sechelela akilipa. "Atakuwa amenikasirikia?"

"Sijui, mzee. Mimi napima damu na mkojo."

Mtazoea alirudi nyumbani, akarudia kula, akarudia kubweka korido nzima. Daktari akasema figo zimepoteza nguvu kidogo, ila ataishi. Sechelela aliwasimulia wote kazini jinsi alivyompata tabibu mwaminifu kwa bei ya mtu wa kawaida, na alisimulia kwa maringo. Hakuona mapema kwamba baba yake amenyamaza. Mzee alikuwa akikaa kibarazani, mbwa ameegemeza kidevu juu ya goti lake, naye anamwinamia na kumwambia, "Sema basi. Sema." Mbwa anatikisa mkia. Mzee anageuza uso.

Siku moja Sechelela alirudi kutoka kazini akakuta nyumba tupu. Hakuhitaji kuuliza. Alipanda hadi orofa ile ya vioo pale Ilazo, akakuta Sauti Hai wana huduma ya maongezi kwa wanyama wasioumwa, malipo kwa saa. Roboti akamwonyesha chumba.

Mzee Chilongani alikuwa kitini, amefumba macho, uso umelainika kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri.

"Nilikusamehe siku ileile, baba," kisemeo kilikuwa kinasema. "Ningekaa hapa na wewe siku zote."

Mtazoea alikuwa mlangoni. Alikuwa ameubana mkia, anaparua kioo kwa kucha, kola imemkaba kwa kuivuta. Alipomwona Sechelela upande wa pili akaanza kulia, kilio chembamba cha mbwa anayetaka kutoka.

Sechelela akafungua mlango. "Baba, twende nyumbani. Mwangalie mbwa wako."

Mzee aliinua kidole kumnyamazisha, macho bado ameyafumba.

"Ngoja kwanza, Seche," alisema. "Mwache amalize kuongea."