Edris Ajipaka Dawa ya Ng'ombe

Mwaka ule wa 1967, watu wa Busia walimjua Edris kwa sauti yake. Kila asubuhi alisimamisha baiskeli karibu na kizuizi cha mpaka, akaita kwa nguvu:

"Boda! Boda! Mama, panda, miguu ipumzike!"

Kutoka kizuizi cha Kenya mpaka cha Uganda ni mwendo wa kumtoa mtu jasho. Edris aliwabeba wenye mizigo: wauza samaki, wauza vitenge, hata mzee mmoja aliyekumbatia bata.

Joto lilipozidi, Edris alianza kuwashwa kwenye mapaja na kinena. Alijikuna. Mwasho ukazidi. Ngozi ikawa na duara jekundu lenye magamba pembeni. Aliona aibu. Hakumwambia hata mkewe, Hasina, aliyemwoa mwaka huo huo.

Alidhani ni uchafu. Basi akajisugua kwa sabuni ya kufulia na gunzi la mahindi. Kila aliponawa kabla ya swala, alivaa chupi yake ya nailoni bila kujifuta, akarukia baiskeli. Siku nzima aliendesha akiwa na unyevu.

Siku ya soko akaja rafiki yake Echodu, mfugaji wa Chakol.

"Bwana Edris, mbona unakaa juu ya kiti kama kuku anayeatamia?"

"Kiti ni kigumu."

"Kiti, au mwili?" Echodu akacheka. "Mimi ni mfugaji. Kiumbe anayewashwa namjua kwa mbali."

Edris akamwambia kwa sauti ya chini.

"Ni hilo tu?" alisema Echodu. "Ng'ombe wangu wakijikuna, nawaogesha dawa ya kupe. Wanatulia kabisa."

"Lakini mimi si ng'ombe."

"Ngozi ni ngozi, bwana!"

Akampa kidogo ndani ya chupa.

Alasiri Edris alijifungia bafuni, akajipaka. Kitambo kidogo alitulia. Kisha akahisi moto! Alitoka mbio, taulo kiunoni, akaruka uani huku na huku. Kuku wakatawanyika.

"Umeumwa na nyoka?" Hasina aliuliza.

"Maji! Nipe maji!"

Hasina hakupoteza wakati. Alimmwagia maji mengi, ndoo baada ya ndoo, mpaka moto ukapungua. Hapo ndipo akauliza:

"Sasa sema. Sehemu hiyo ina nini?"

"Inawasha. Kwa muda sasa."

"Na ukanificha? Kila siku unavuka mpaka. Huko ng'ambo unamtembelea nani?"

"Hasina, hakuna mtu!"

"Asiye na kosa anaficha nini? Twende zahanati. Sista akisema huu ni ugonjwa wa zinaa, narudi kwa baba yangu kule Bumala leo hii."

Edris hakuweza kupanda baiskeli. Alitembea akiwa ametanua miguu. Waendesha baiskeli wenzake wakamwona.

"Edris! Leo baiskeli imekuendesha wewe?"

Yeye aliyezoea kuita kwa nguvu, leo alipita upande wa pili wa barabara. Nyuma yake Hasina alikuja hatua kwa hatua, na hatua hizo zilimtisha kuliko moto wa dawa.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Sista Benta. Edris alipoona ni mwanamke, alitaka kugeuka.

"Kaa, bwana," alisema Sista. "Hapa nimeona mapaja mengi kuliko mizigo aliyoona karani wa forodha. Lete tuone."

Alimkagua kinena. Akamkagua na vidole vya miguu, ambavyo katikati vilikuwa vyeupe na vimepasuka.

"Hapa pameungua kwa dawa ya kupe," alisema. "Mlifanya vizuri kuosha kwa maji mengi. Dawa hiyo ni sumu, mtu asijipake kamwe. Lakini huu mwasho wenyewe ni choa. Ni ukungu wa ngozi. Unapenda joto, jasho na nguo inayobana. Umeanza miguuni, ukapanda."

"Si ugonjwa wa zinaa?" aliuliza Hasina.

"Kidonda, usaha, uvimbe au maumivu ya kukojoa ni jambo jingine. Ukiona hayo, njooni haraka, wote wawili mpimwe. Hii ni choa, mama. Hata padri huipata. Hata shehe."

Edris akapumua. Hasina aliangalia chini. Kisha akasema polepole:

"Sista... mimi pia ninawashwa kidogo. Hapa mapajani."

Edris akageuka. "Hee! Na wewe ulivuka mpaka?"

Hasina alijifunika uso kwa ushungi. Mabega yakatikisika. Edris alidhani analia, kumbe ni kicheko.

"Mnatumia taulo moja?" aliuliza Sista Benta.

"Moja," walijibu pamoja.

"Ndiyo njia yake. Kila mtu awe na lake, likauke juani. Osheni kwa maji na sabuni laini, msisugue. Mama, sabuni iishie nje tu, isiingie ndani ya uke. Mkimaliza, jifuteni mpaka pakauke, hata katikati ya vidole. Vaeni pamba isiyobana. Mama, marhamu yako hii. Bwana, yako utaanza kuipaka ngozi iliyoungua ikishapona. Na mwasho ukiisha msiache kupaka, mpaka niseme basi."

Walifuata kila neno. Hasina alimshonea Edris kaptula pana za ndani kwa marekani, kitambaa cha pamba. Ngozi iliyoungua ikapona, kisha duara likafifia, likaisha. Sauti ya Edris ikarudi mpakani, kali kama zamani.

Siku moja Nabwire, mke wa Opio, mwendesha baiskeli mwingine, alikuja kwa Hasina na machozi.

"Opio anajikuna, dada. Anajificha. Nimeshafunga nguo zangu, naondoka."

"Mimi nilitaka kuondoka hivyo hivyo," alisema Hasina, "kumbe choa nilikuwa nayo hata mimi. Nendeni kwa Sista Benta, wawili. Na mwambie asijipake kitu!"

Punde Hasina aliwaona wakipita barabarani. Opio alikanyaga pedali polepole, amekaa upande upande. Nyuma yake Nabwire, ambaye Hasina alikuwa amekwisha kumsimulia habari za Edris na dawa ya kupe, alikuwa akicheka.