Maharage ya Jumapili

"Mama, hiki ni nini?"

Mwalimu alikuwa amekishika kijiko hewani, karibu na macho, kama anavyoshika chupa ya kemikali maabara. Juu ya maharage kilikaa kipande cha mfupa, kidogo kama ukucha, kimechongoka upande mmoja.

Mezani walikuwa wanne. Mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bucha kwa kuwa bucha la pale kona lilikuwa lake. Binti yake, msusi, kucha ndefu na mdomo usio na breki. Kocha, mwanawe wa kiume, mwalimu wa michezo. Na Mwalimu mwenyewe, mgeni kutoka nchi nyingine, aliyekuja kufundisha kemia kwenye shule ileile ya Kocha, na sasa mchumba wake wa miezi minane.

"Aa, huo umeniponyoka," alisema Mama Bucha bila wasiwasi hata chembe. "Huwa nachuja vizuri kabisa, leo nilikuwa na haraka. Uweke pembeni, ule mwanangu."

"Unachuja nini, mama?"

"Supu."

"Supu ya nini?"

Msusi akacheka. "Wifi naye! Supu ya mifupa. Kwani maharage yako yanapikiwa kwenye nini kila Jumapili? Maji ya bomba?"

Mwalimu akamgeukia Kocha. Kocha alikuwa anaitazama chumvi.

Kijiko kikarudi bakulini polepole. Miaka kumi na moja Mwalimu hajatia nyama mdomoni. Kwao walishamzoea, ugenini ndiko kulikomtoa jasho. Mpishi wa shule alikuwa akiondoa vinofu kwenye mchuzi kwa mwiko na kumwambia, "Tayari Mwalimu, hamna nyama tena." Walimu wenzake walimwuliza kama ni dini, kama ni nadhiri, kama anaogopa kunenepa. Wanafunzi wakambatiza Mwalimu Mboga. Ikabidi anunue jiko dogo la umeme, aloweke dengu kabla ya kipindi cha kwanza, na kila siku aende shuleni na chakula chake kwenye kopo. Nyumba pekee katika nchi hiyo nzima ambako alikula cha kupikiwa bila kuichungulia sahani ilikuwa hii.

"Kocha," alisema taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Tuongee baadaye, mpenzi."

"Nimekuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Jamani, mnasemezana nini?" Mama Bucha akamshika mkono. "Tumbo linauma, mwanangu? Ni vile vidonda?"

Vidonda vya tumbo. Uongo huo waliutunga wawili, yeye na Kocha, siku aliyokuja kutambulishwa, wakiwa bado wamesimama nje ya geti. Kocha ndiye aliyeuleta: "Mama anaishi kwa nyama. Ukimwambia huli kwa kupenda tu, atasema unaidharau kazi yake. Sema una vidonda vya tumbo, tutamweleza baadaye." Naye Mwalimu akakubali, kwa sababu alikuwa anampenda, na kwa sababu alishachoka kujieleza. Baadaye hiyo haikufika. Na baada ya wiki mbili Baba Mdogo wa Kocha alitakiwa asafiri kupeleka posa kwao Mwalimu.

"Kichwa tu, mama," alijibu. "Naomba nikapumzike."

Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, karibu na shule. Akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Simu ikaita, ikaita tena, akaiacha. Ukaingia ujumbe.

"Mpenzi nisamehe. Niligundua mwezi wa tatu, nilimkuta mama jikoni anachuja. Sikujua nikwambieje."

Akaandika: "Mwezi wa tatu? Hizo ni Jumapili ishirini."

"Sikutaka kuwagombanisha."

"Jumapili ishirini umekaa mbele yangu unaniangalia nikimeza. Na ukawa unanisifia, eti nimenawiri."

Akampigia dada yake, kwao.

"Kwani umekufa?" dada alimkatiza kabla hajamaliza. "Mchuzi tu huo, mdogo wangu. Mwanaume halewi, hapigi, ana kazi. Wenzako wanalilia hata robo yake."

"Dada, silii mchuzi."

"Unalia nini basi?"

"Ameweza kuniangalia usoni akanyamaza. Leo ni maharage. Kesho nimelazwa, daktari amempa majibu yangu mkononi, si atanyamaza vilevile ili tusigombane?"

Dada yake akashusha sauti.

"Na ule mkataba?"

"Mkuu wa shule anautaka Ijumaa. Nikisaini, miaka miwili. Nisiposaini, mwisho wa mwezi niko hapo kwako."

"Basi nisikilize. Usisaini kwa ajili yake, na usirudi kwa ajili yake."

Ni rahisi kusema. Jumatatu nzima Mwalimu alifundisha kama mtu anayetembea juu ya kamba. Kila filimbi ya Kocha iliposikika kutoka uwanjani, moyo ulimruka. Alimwaga kemikali mara mbili, akaandika mlinganyo ubaoni ukiwa na kosa, na msichana wa dawati la mbele akamsahihisha kwa huruma. Chakula kikawa hakipiti. Hata dengu alizopika mwenyewe, kwa mikono yake, kwa maji yake, alizigeuza kwa uma akitafuta asichokijua.

Jumanne, wakati wa mapumziko, Kocha akaingia maabara na kufunga mlango.

"Nipe nafasi nieleze."

"Eleza."

"Mama alikuwa na furaha. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona anaimba jikoni. Ningesema ukweli mngeumia wote wawili. Nikaona bora niumie peke yangu."

"Uliumia wapi, Kocha? Wewe ulikuwa unakula nyama yako."

Kocha akageukia dirisha.

"Na mimi sijitoi lawamani," Mwalimu akaendelea. "Vidonda vya tumbo nimevitamka kwa mdomo wangu. Lakini mimi nilimdanganya mama. Wewe umetudanganya wote wawili. Nenda kamwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata wakati mzuri."

Mwalimu akachukua chaki zake. "Haya. Kengele imelia."

Jumatano ikapita. Kocha hakusema kitu nyumbani, na Mwalimu alijua, kwa sababu msusi alimtumia ujumbe: "Wifi, mama anauliza Jumapili utakula maharage au kunde? Mbona umetuchunia?" Akausoma ujumbe huo mara nne, asijibu. Fomu ya mkataba ilikuwa kwenye mkoba wake, imekunjwa mara tatu, na popote alipoenda aliihisi kama jiwe.

Alhamisi, madarasa yakiwa yamekwisha, mlango wa maabara uligongwa. Mama Bucha mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, mkoba ameukumbatia, na pumzi zinamwenda mbio kwa ngazi.

"Shikamoo mama! Karibu. Kwema?"

"Marahaba. Kwema kungekuwa wapi nikapanda ghorofa tatu?" Akavuta stuli, akakaa, akazitazama chupa zilizopangwa rafuni. "Mwanangu haniambii kitu, binti yangu anasema mengi mno. Nimekuja kukuuliza wewe. Una ugonjwa gani?"

"Mama, vile vidonda..."

"Achana na vidonda. Marehemu mume wangu aliishi na vidonda vya tumbo miaka tisa. Maharage kwake yalikuwa sumu. Wewe unakula bakuli mbili na unakwangua chini! Siku ile ile ya kwanza nilijua ni uongo; hata Jumapili nilikuuliza kukutega tu. Nikasema, huyu binti anaficha jambo kubwa zaidi. Damu, labda. Au kifua. Ndiyo nikaanza supu, upate nguvu kabla hujaniletea wajukuu."

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Nilimwuliza mwanangu. Nikamwambia, Mwalimu anajua kwamba naweka supu? Akaniambia, anajua mama, anaipenda, ila anaona haya kusema."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. Kunyamaza kwa Kocha alishakujua. Hili la kusemewa alikuwa hajalijua.

"Mama," alisema. "Sina ugonjwa wowote. Nyama sili. Sijala tangu nina miaka kumi na tisa. Na sikuwa najua kuhusu supu."

Mama Bucha akaweka mkoba wake mezani.

"Nadhiri?"

"Hapana."

"Ulimwona mnyama akichinjwa, ukaogopa?"

"Hapana, mama. Siku moja niliiangalia sahani nikaona sitaki. Kesho yake sikutaka tena. Hakuna kisa. Watu wote wanataka kisa, na mimi sina."

"Na bucha langu? Unalionaje?"

"Naliona ndilo lililomsomesha Kocha. Sijawahi kulidharau. Ila niliogopa kwamba utadhani hivyo, ndiyo maana nikadanganya. Nisamehe."

Mama Bucha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Na wewe hata maradhi ya kuficha huna! Miezi minane nakuombea damu." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Miaka ishirini na sita nauza nyama. Mteja akisema hataki mafuta, nakata mafuta. Akisema hataki mfupa, natoa mfupa. Sijawahi kumfungia mtu asichokitaka. Halafu mke wa mwanangu, kwenye meza yangu mwenyewe..." Akatikisa kichwa. "Wewe ndiye unisamehe mimi, mwanangu."

Mwalimu hakujua afanye nini na mikono yake. Mama mzima, mkwe wake mtarajiwa, anamwomba msamaha yeye! Akapiga goti pale pale kwenye sakafu ya maabara, akalia kilio alichokibana tangu Jumapili.

"Na huyu mwanangu," Mama Bucha alisema akimpigapiga mgongo, "sikuja kumwombea. Yake atayasema mwenyewe. Asiposema, mimi sitamsemea."

Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ilitetemeka. Ujumbe: "Nimeomba ruhusa, niko nyumbani. Nakupigia. Baba Mdogo amekuja kuchukua barua ya posa. Nimeweka sauti kubwa, wote wapo. Naomba usikilize tu."

Akapokea. Alisikia viti vikisogezwa, mtu akikohoa.

"Baba Mdogo, mama," sauti ya Kocha ilikuwa ya mtu mwenye homa. "Kabla barua haijaondoka. Mwalimu hali nyama kwa hiari yake, na mimi nilijua tangu mwanzo. Uongo wa vidonda niliutunga mimi. Mama alipoweka supu nikajua, nikamficha Mwalimu. Mama aliponiuliza, nikamdanganya kwamba Mwalimu anajua. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kelele."

Kisha sauti nzito ya Baba Mdogo, dereva wa malori mstaafu, mtu wa kupenda kuelewa jambo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mgonjwa?"

"Hakuna, Baba Mdogo."

"Na mimi nimeacha kuvuta sigara mbele yake miezi minane kwa sababu ya nani?"

Msusi akapasuka kicheko. Mama Bucha akamnyamazisha.

"Mwalimu yupo hapo?" aliuliza Baba Mdogo.

"Nipo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Barua ninayo mkononi. Niende nayo, au niirudishe kabatini?"

Mwalimu akafumba macho. Nje wanafunzi walikuwa wanakimbizana, na fomu ya mkataba ilikuwa imekunjuliwa mbele yake.

"Irudishe kabatini, baba," alisema. "Usiichane. Nasaini mkataba, nabaki, kwa sababu naipenda kazi yangu. Kocha nampenda pia. Ila sijui kama namwamini, na siwezi kuolewa huku nampeleleza. Anipe muda."

"Muda kiasi gani?" Kocha aliuliza kwa haraka.

"Sijui. Na usiniulize kila wiki."

Akasaini, akaipeleka ofisini, karani wa shule akapiga muhuri. Alipotoka ofisini alihisi nafuu na hofu kwa pamoja.

Miezi iliyofuata haikuwa ya asali. Jumapili alienda kwa Mama Bucha, mara nyingine aliingia jikoni na kupika mwenyewe, na hakuna aliyenuna. Na Kocha? Kocha alikuwa kama mtu anayejifunza kutembea upya. Alimpigia simu kuungama hata visivyoulizwa: amegonga baiskeli ya jirani, amesahau siku ya kuzaliwa ya Mwalimu akakumbushwa na msusi, hakuipenda ile suruali aliyonunuliwa na Mwalimu.

"Haya nayo ni lazima nijue?" Mwalimu alimfokea siku moja.

"Sijui yapi ni ya lazima. Nasema yote."

Mwezi wa saba tangu Ijumaa ile, Kocha alimkuta akisahihisha madaftari kwenye benchi la uwanjani. Hakuketi.

"Kuna shule imeniita," alisema. "Mji mwingine, safari ya siku nzima kutoka hapa. Cheo kikubwa kuliko hiki. Barua imekuja juzi."

Kalamu ya Mwalimu ikasimama. "Juzi?"

"Juzi. Nimekaa nayo siku mbili. Nilitaka kujibu kwanza ndiyo nikwambie." Akameza mate. "Nilikuwa naogopa utasema niende. Bado naogopa. Lakini usiku wa jana sikulala, nikaona nikinyamaza tena, basi mimi ndiye nimekuacha. Ndiyo hilo. Sasa unajua ninachokijua."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na jua lenyewe halikuwa kali. Mwalimu alimtazama, akitafuta ile hofu yake ya Jumapili ile, iliyozoea kumkaa kifuani kila Kocha anapofungua mdomo. Akaitafuta vizuri, asiione. Akafunga daftari.

"Kazi tutaijadili jioni, wawili, tukiwa na chai," alisema. "Ila sasa hivi chukua simu yako."

"Nimpigie nani?"

"Baba Mdogo. Mwambie afungue kabati."