Mwenye Kofia Haoti Ndoto

Donatienne alikulia Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1998 alikuwa akiishi Toronto, mtaa wa Jane na Finch, ghorofa ya kumi na moja. Dirisha la jikoni lilitazama maegesho ya magari. Alipoosha vyombo, macho yake yalikuwa kwenye magari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maji. Mume wake, Onesphore, alizoea kumtania. Alisema sahani moja huoshwa mara tatu, kwa sababu mwoshaji yuko Rumonge.

Onesphore alifanya kazi usiku katika kiwanda cha biskuti huko Brampton, na mchana alilala. Walikuwa na watoto wawili. Précieux, mvulana, alikuwa na miaka sita. Darlène, mdogo wake, alikuwa na minne. Mama yao alisema nao Kiswahili, wao wakamjibu Kiingereza, na nyumba iliendelea vizuri tu.

Mwezi wa saba Onesphore alipata likizo ya siku tatu. Muumini mmoja wa kanisani aliwaazima hema. Walipakia hema, sufuria, maharage na godoro la kujaza upepo, wakaendesha gari kwa muda wa saa tatu mpaka pwani ya Ziwa Huron.

Donatienne alisimama mchangani. Maji yalikwenda, yakaenda, mpaka yakakutana na mbingu. Alilia kidogo, kisha akajicheka. Ilikuwa miaka minne tangu aone ziwa lenye mawimbi.

Siku hiyo mawimbi yalikuwa yakija pwani kwa nguvu, kwa hiyo aliwakataza watoto kuingia. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yake kule Rumonge. Ziwa likichafuka, mtoto abaki mchangani. Ziwa likilala, mtoto aingie. Donatienne na ndugu zake wote walikua kwa sheria hiyo, na hakuna aliyepata shida.

Asubuhi ya pili ziwa lilikuwa limelala. Ukungu mwepesi ulitanda juu yake, na maji yametulia kama uji uliopoa sufuriani. Onesphore alikuwa hemani, amelala fofofo, maana mwili wake haukujua tena tofauti ya usiku na mchana. Watoto walilivuta godoro mpaka mchangani. Précieux aliuliza kama wanaweza kulipanda majini, karibu tu, mahali maji yanapofika magotini. Donatienne alilitazama ziwa, akaikumbuka sheria ya mama yake, akakubali.

Alikaa ukingoni na sufuria ya maharage ya jana, akaanza kuisugua kwa mchanga. Upepo ulimpuliza mgongoni taratibu. Ncha ya kitenge chake ilipepea mbele, kuelekea ziwani. Aliuona upepo huo mtamu sana. Ukungu ukawa moshi wa majiko ya Rumonge. Akanusa dagaa waliotandazwa juani. Akasikia mama yake akiita majina ya watoto, moja baada ya jingine, na mkono wake ukaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani.

Sauti ya Darlène ndiyo iliyomrudisha. Ilikuwa sauti ndogo, nayo ilitoka mbali. Donatienne aliinua macho. Godoro lilikuwa limekwenda, limepita umbali ambao mtu angeweza kurusha jiwe, na bado lilikuwa likienda. Watoto wake wawili walikuwa wamekaa juu yake, wameshikana.

Alijitupa majini na nguo zake. Alijua kuogelea tangu utotoni. Lakini maji yale yalikuwa baridi kuliko maji yoyote aliyowahi kuingia. Kifua kilimbana. Alitaka kuvuta pumzi, pumzi ikakataa. Aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa kwa ajili ya watoto, kwa sababu alielewa kwamba hatawafikia.

Ndipo alipoitwa kwa nyuma, tena kwa Kiswahili.

"Mama, rudi. Usiwafuate kwa kuogelea. Rudi, tuingie mtumbwini."

Aligeuka, pengine kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Mwanamke wa makamo, mwenye mvi, alikuwa akiburuta mtumbwi kutoka kwenye hema la jirani. Aliitwa Khurshid, na jana yake alikuwa amemsikia Donatienne akisema Kiswahili na watoto. Alizaliwa Kigoma, sasa aliishi Richmond Hill, na kazi yake ilikuwa kufundisha watoto kuogelea. Alimrushia Donatienne jaketi la kuelea. Donatienne alitaka kuusukuma mtumbwi papo hapo, lakini Khurshid aliushika, hakuuachia mpaka vifungo vya jaketi vilipofungwa. Kisha akawapigia watoto kelele walale kifudifudi, washike kingo za godoro, wala wasishuke hata kidogo. Précieux alitii. Alimlaza mdogo wake, akamfunika kwa mkono wake, akashika.

Wanawake wawili walipiga makasia. Mikono ya Donatienne ilikumbuka kazi hiyo bila kuulizwa. Mbali na pwani alikutana na jambo ambalo hakuliona alipokuwa amekaa. Kule ziwa halikuwa limelala. Mawimbi yalikuwepo, tena makubwa, yakikimbia kuelekea ng'ambo. Ukiwa pwani unaiona migongo yake tu, nawe unadhani ni maji yaliyotulia.

Walimpandisha Darlène kwanza, kisha Précieux. Godoro waliliacha liende. Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda, kwa sababu sasa upepo ulikuwa usoni. Onesphore alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, amevaa soksi moja. Aliwachukua watoto wote wawili kwa pamoja, akawakumbatia mpaka Darlène akalalamika kwamba anabanwa.

Watoto walipokwisha kufunikwa blanketi, Khurshid alichemsha chai ya maziwa na tangawizi. Donatienne alipokea kikombe.

"Ziwa lilikuwa limelala," alisema. "Mimi ni mtoto wa ziwa, dada. Nimewezaje kukosea?"

Khurshid hakumcheka. Alisema yeye pia ni mtoto wa ziwa lilelile, na alipofika Kanada ilimbidi ajifunze upya. Akaomba kipande cha kitenge, akakifunga kwenye kijiti, akakichomeka mchangani. Kipande kilipepea kuelekea ziwani.

"Tazama," alisema. "Upepo unatoka nchi kavu. Unayalaza maji ya karibu, lakini unachukua kila kinachoelea. Tena unayasukuma mbali maji ya juu yaliyopashwa na jua, na maji baridi ya chini yanapanda. Kitambaa kikielekea ziwani, godoro na boya la kuchezea vibaki hemani."

Aliongeza kwamba mtoto mdogo avae jaketi la kuelea kila anapokaribia maji, hata ya magotini. Mtu mzima awe karibu naye, kiasi cha kumfikia kwa kunyoosha mkono. Kisha akauliza swali ambalo Donatienne alikuwa akiliogopa. Aliuliza walikuwa wapi wakubwa.

Onesphore alisema alikuwa amelala, na kwamba hawakuwahi kupatana nani atazame watoto. Donatienne aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa Rumonge," alisema.

Khurshid alimwongezea chai. "Mimi huenda Kigoma," alisema. "Kila nikiona maji, naenda. Lakini siendi nikiwa na kofia."

Alivua kofia yake nyekundu. Alieleza kwamba nyumbani kwake aliyevaa kofia hiyo kazi yake ni moja tu, kutazama watoto walio majini. Haoshi sufuria, hasomi, haoti ndoto. Akichoka, anamvalisha mwenzake kichwani na kumwambia zamu ni yake. Hapo ndipo mwenzake anapoanza. Kofia ile akampa Donatienne.

Majira ya baridi yalipofika, Précieux na Darlène walikwenda kujifunza kuogelea kila Jumamosi kwenye bwawa la ndani la mtaa. Donatienne aliwaeleza akina mama wa kanisani habari za upepo na kitambaa. Hakuficha kosa lake. Wengine walitoka kando ya ziwa kama yeye, nao walikuwa na sheria ileile.

Mwaka uliofuata walirudi Ziwa Huron. Asubuhi moja Darlène alitoka hemani na boya lake jipya. Alitazama kitambaa cha kitenge kwenye kijiti. Kilikuwa kikipepea kuelekea ziwani. Alisimama kidogo, akageuka, akalirudisha boya hemani, kisha akaja na ndoo ya kuchezea mchanga. Hakuna aliyemwambia kitu.

Donatienne alikuwa ukingoni, amevaa kofia nyekundu, macho kwa watoto. Ukungu ulikuwa umetanda tena juu ya maji, lakini hakuutazama. Onesphore alikuja na vikombe viwili vya chai, akaviweka chini. Alimvua kofia polepole, akaivaa mwenyewe.

"Sasa natazama mimi," alisema. "Nenda Rumonge, Mama Précieux. Ukifika, wasalimie."