Uvungu wa Chumba Namba Sita

Kila jioni, kabla mdogo wake hajawekwa sakafuni, Sindano alipiga magoti na kutambaa nyumba nzima. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na pini zilimdondoka bila yeye kujua. Sindano alipapasa kwa viganja chini ya cherehani, chini ya meza, hadi nyuma ya kabati. Mdogo wake, Bonge, alikuwa na miezi kumi, na chochote alichokishika kilikwenda mdomoni. Kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa wembamba wake, wateja wa Mama walimwita Sindano.

Likizo ilipofika, Mama alipata kazi ya siku tatu ya kushona sare katika mji mwingine. Akawachukua wote wawili, wakapanga chumba namba sita katika nyumba ya wageni ya bei nafuu.

Mlango ulipofunguliwa, harufu ndiyo iliyowapokea: mkojo wa zamani, sigara, na godoro lililowahi kulowa likakaukia humohumo. Shuka lilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la sikio. Sakafu ilinata, na kandambili zao zilitoa mlio kila walipoinua mguu. Kwenye kipande cha sabuni bafuni ziliganda nywele nne ndefu.

"Ptu! Mama, hapa hata panya atahama."

"Ahame aende wapi? Huyo ndiye mwenye nyumba, sisi wageni tu," Mama alisema, akacheka kidogo huku ameziba pua. "Nakwenda kuomba shuka safi na ndoo ya maji. Kagua chumba kama tunavyokagua nyumbani. Bonge asishuke mgongoni mwako mpaka umalize."

Sindano aliinama, akachungulia uvunguni mwa kitanda. Aliona vumbi lililojiviringisha na nywele, ganda la ndizi lililogeuka jeusi, soksi moja na chingamu iliyotafunwa. Mate yakamjaa mdomoni. Aweke viganja vyake pale? Akanyanyuka, akafuta mikono kwenye gauni ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Umekagua?" Mama aliuliza aliporudi.

"Nimekagua."

"Na uvunguni?"

"Ndiyo, Mama."

Mama akamwamini. Akapiga deki katikati ya chumba, sakafu ikakauka, akatandika shuka walilotoka nalo nyumbani, akamkalisha Bonge. Kisha akaenda bafuni kusuuza tambara. Sindano akasogea dirishani kutafuta hewa. Alipogeuka, shuka lilikuwa tupu. Uvunguni ilionekana miguu miwili minono.

Akamvuta. Bonge alitoka akicheka, uso umejaa vumbi. Mate yake yalikuwa ya rangi ya waridi. Vidoleni na juu ya ulimi wake zilinata punje ndogo za rangi hiyohiyo.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama alifika mbio. Akamlaza Bonge ubavu, akamfuta ulimi kwa kitambaa, punje baada ya punje.

"Hizi ulikuwa umeziona?"

Sindano angeweza kusema hazikuwapo. "Sikukagua, Mama. Niliona kinyaa. Nilikudanganya."

Mama hakumkaripia. "Basi ingia sasa. Tafuta zilikotoka."

Sindano akalala kifudifudi, akajisukuma ndani. Shavu lake liligusa sakafu iliyonata. Nywele za watu asiowajua zilimkwama shingoni, na chingamu ikamganda kwenye kiwiko. Nyuma ya mguu wa kitanda alikuta kifuniko cha chupa chenye punje, na kando yake pakiti iliyochanwa, yenye picha ya panya. Alitoka nayo, akatapika ndani ya ndoo.

Mhudumu wa nyumba alikuwa amefika mlangoni kwa zile kelele. Alipoiona pakiti alishika kichwa. "Sumu ya panya! Nilisahau kuitoa! Mpe maziwa, dada! Mtapishe!"

"Simpi kitu. Kituo cha afya kiko wapi?"

Mama alimbeba Bonge, Sindano akabeba pakiti. Kituoni, muuguzi alisoma maandishi ya pakiti, akauliza mtoto amekaa uvunguni kwa muda gani.

"Kama dakika mbili," Sindano alijibu. "Nilikuwa dirishani."

"Mmefanya vyema kutomtapisha, na kuileta hii," muuguzi alisema. "Bila hii tungekuwa tunabahatisha."

Bonge alipewa dawa, akatolewa damu, akalazwa siku mbili. Majibu ya mwisho yalikuwa mazuri. Jioni ya siku ile ya kwanza Sindano alikaa pembeni mwa kitanda cha Bonge, kichwa chini.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Na mimi nilipaswa kutazama mwenyewe. Chumba cha ugenini si nyumbani, na wewe bado mtoto. Lakini sikiliza. Huyu hajui kinyaa. Kwake uchafu na chakula ni kitu kimoja. Wanaojua ni sisi, na pale panapotutia kinyaa ndipo pa kuangalia zaidi. Ukishindwa, sema, 'Mama, nimeshindwa.' Nitaingia mimi, wala sitakucheka. Ila kusema umekagua, na hujakagua..."

Mama akamtazama Bonge, aliyelala na plasta ndogo mkononi, pale alipotolewa damu.