Damu ya Kwandu, Damu ya Mwanawe

Kwandu na mumewe Bulugu wanaishi Bisibo, wilayani Biharamulo. Wanalima mahindi na mihogo, na wana ng'ombe wachache. Kwandu alipopata mimba walikwenda kliniki pamoja. Wote wawili walipimwa virusi vya UKIMWI.

Kwandu alikutwa navyo. Bulugu hakuwa navyo.

Walirudi nyumbani. Kwandu aliketi jikoni bila kuwasha moto. Alimkumbuka shangazi yake, Nshoma. Zamani, kabla dawa hazijafika kwao, Nshoma alijifungua, akaugua, akafa. Kichanga chake kikamfuata.

"Na huyu wangu ndiyo basi," aliwaza, mkono tumboni.

Bulugu alimwomba ruhusa ya kumshirikisha mtu, akaenda kumwita jirani yao Generoza, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, mama," Kwandu alisema akifuta macho.

"Marahaba, mwanangu. Unamlilia nani?"

"Mtoto. Nitamzaa mgonjwa."

"Nani kakwambia? Ukimeza dawa kila siku, virusi vinapungua mpaka kipimo hakivioni. Jifungulie kituoni, na mtoto apewe dawa yake. Anaweza kukua bila virusi kabisa."

"Na kunyonya je?"

"Utamnyonyesha. Ila dawa usiache hata siku moja."

Bulugu alikohoa. "Mama, mimi na huyu tunalala kitanda kimoja. Imekuwaje mimi sina?"

"Hutokea, baba. Si kila mara watu wakikutana virusi vinapita. Lakini usijaribu bahati. Tumieni kondomu mpaka kipimo kionyeshe virusi vimefubaa. Nawe zipo dawa za kukukinga, kaziulizie. Kula pamoja na kushikana mikono hakuambukizi."

Bulugu aliinama, akawasha moto mwenyewe, akabandika sufuria. Kwandu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Dawa zilimtia kichefuchefu mwanzoni. Hakuacha. Alijifungulia kituo cha afya, mtoto wa kike, wakamwita Rozina. Mtoto alipewa dawa ya maji. Akapimwa, akapimwa tena. Majibu yalikuwa mazuri, lakini nesi alisema jibu la mwisho litapatikana akishaacha kunyonya.

Siku hiyo ilipofika, Rozina alikuwa tayari anatembea.

"Hana virusi," nesi alisema.

"Sema tena," Bulugu alinong'ona.

"Hana virusi. Na wewe, baba, bado huna."

Kwandu alimpakata Rozina. Mtoto huyu alikaa tumboni mwake, akala alichokula yeye. Alinyonya ziwa lake usiku na mchana. Virusi vilikuwamo mwilini mwa Kwandu siku zote hizo, na havikupita. Alimgusa shavu taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

Rozina aliusukuma mkono wa mama yake, akateleza kutoka mapajani, akakimbilia nje kufukuza kuku. Baba yake akatoka mbio kumfuata.

Kwandu alibaki ameketi, akiwasikiliza wakicheka.