Mbuzi wa Mawe

Siku ya soko, mwaka wa 1978, watoto ishirini na wawili walikatiza katikati ya Isiolo wameshika kamba moja. Mbele alikuwa Nakiru, mwalimu wao wa nasari, gauni la maua ya njano, shanga nyekundu shingoni. Siku hiyo walikuwa wanasoma harufu: maziwa ya ngamia, ngozi mbichi, tumbaku.

Fundi mmoja wa mbao, Salesio Gikunda kutoka Meru, akageuka na ubao begani. Ubao ukanasa kamba, watoto wote wakasimama.

"Wewe baba wa mbao! Unataka kuniangushia darasa?"

"Darasa liko wapi, mwalimu? Mimi naona kamba tu."

"Hawa ndio darasa. Na umesimama mlangoni."

Gikunda akacheka. Vumbi la msumeno lilikuwa limejaa nywele zake na suruali yake ya miguu mipana. Msichana mdogo, Akuam, akamnusa mkono.

"Mwalimu, huyu ananuka mti. Lakini si mti wa hapa."

"Ni wa kwetu juu, msituni," Gikunda akamjibu, macho yakiwa kwa mwalimu.

Basi ikawa kila alasiri Gikunda anatoka karakana yake mtaa wa Wabera kwa miguu mpaka shuleni, mtaa wa Kiwanjani. Shule ya Nakiru haikuwa na ukuta. Ilikuwa kivuli cha migunga karibu na mto, na upepo ukipita, kivuli chote kilitembea juu ya watoto kama maji. Hapo walijifunza nyayo za kanga na majina ya miti. Hesabu walifanya kwa mawe. Kila mtoto alikuwa na boma lake la mawe: meupe ni mbuzi, marefu ni ngamia. Waliyachunga, wakayapeleka kunywa, wakayahesabu yakirudi.

"Watoto wako wanakaa vumbini, roho yangu," Gikunda alisema siku moja. "Inaniuma."

"Ikikuuma, kaa nao."

Hilo hakulisikia vizuri. Jumamosi alikuja peke yake na mkokoteni, benchi sita juu yake, amezipiga msasa mpaka zinang'aa. Akakuta mawe kila mahali. Akayafagia, akayabeba mpaka kwa karakana yake, akayamwaga kwenye sakafu mpya, akamimina saruji juu. Jumatatu alivaa shati jeupe, akawangoja pale migungani kando ya benchi, kama bwana harusi.

Watoto walifika wakatafuta maboma yao. Halafu Akuam akatoa kilio, kile cha boma lililovamiwa, na wote wakamfuata.

"Mawe yako wapi, Salesio?"

"Nimesafisha, mpenzi. Ni ya kukushangaza."

"Umesafisha? Lokorio alikuwa na mbuzi thelathini! Ngamia wa Akuam alizaa juzi!"

"Lakini Nakiru, si ni mawe tu?"

"Toka hapa. Na benchi zako zipeleke kanisani."

Jumanne walikuja watoto wanane. Jumatano, watatu. "Tutapeleka mtoto mahali mali yake inafagiliwa?" akina mama waliulizana, wanacheka lakini hawawaleti. Gikunda akafunga karakana, akapanda kwa kaka yake, mji wa Maua. Nakiru akabaki na kamba ndefu na watoto watatu.

Siku ya tisa, Elmi mwenye duka akamwita. "Mwalimu! Simu. Mtu analia kutoka Maua."

"Silii," Gikunda alisema ndani ya simu. "Malaika wangu, habari?"

"Malaika wako yuko mbinguni. Sema."

"Nimekosa. Nilifagia mawe."

"Hapana. Sema tena."

Waya ukavuma. Elmi akajifanya anapanga sabuni.

"Nakiru... nilimaliza mifugo ya watoto."

"Ehe. Sasa si mimi wa kuambiwa. Wao."

Gikunda alirudi kesho yake. Nakiru alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, na watoto wote walikuwepo, akina mama nyuma yao na mikono kifuani. Gikunda akachuchumaa vumbini.

"Nilifikiri ni mawe. Sikujua ni mbuzi. Nisameheni."

Lokorio akamwangalia sana. "Huko kwenu hamna mbuzi?"

"Wako. Lakini mimi sikufundishwa kuwaona."

"Basi shika kamba," Akuam akaamua. "Hapo mwisho. Wewe ndio mgeni."

Wakashuka mtoni. Gikunda aliokota jiwe, wakalikataa. "Hilo limekufa!" Akaokota lingine. "Hilo ni fisi!" Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. La kumi na mbili wakalishika, wakaligeuza, wakakubali ni mbuzi, tena ana mimba. Maboma yakajaa tena.

Saa sita jua likawa kali, watoto wakalala mchangani, kivuli kikiwapitia taratibu. Gikunda akakaa karibu na Nakiru, akanong'ona asiwaamshe.

"Huko Maua, kaka yangu ananipa kazi. Nikibaki hapa, nataka nibaki kwako. Utakubali nije kwa baba yako?"

Nakiru akaangalia maji.

"Baba atakuuliza maswali mengi."

"Nitajibu. Na nisiyoyajua nitasema siyajui. Wewe unasemaje?"

Nakiru akaanza kukunja kamba.

"Kubali, mwalimu," akasema Akuam, macho yake bado yamefumbwa.

Kicheko kikapita mchangani kutoka mtoto mpaka mtoto. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala.

"Nyamazeni, mlale," Nakiru akasema, na mkono wa Gikunda akaushika. "Nimekubali."