Maneno Ndani ya Kartinah

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mpunga Warsiyah alipotoka kumwita mwanawe aingie ndani. Kijijini kwao, huko Java, mtoto haachwi nje magharibi. Wawili wa kwanza alikwisha kuwazika. Kartinah ndiye aliyebaki.

Alimkuta nyuma ya kisima, kachuchumaa peke yake, mkaa mkononi. Kwenye saruji ameandika jina lake kwa herufi kubwa.

"Unacheza na nani?"

"Na yule bibi, mama. Ule mchezo wa shuleni. Unachukua herufi za neno refu, unatoa maneno madogo. Kasema tutumie jina langu."

"Bibi gani?"

Mtoto akanyoosha kidole migombani. Hapakuwa na mtu. Ila harufu... Harufu tamu ya maua ya kamboja, yale yanayopandwa makaburini.

"Umempa maneno gani?"

"Mawili tu. Tikar na kain. La tatu kasema nitaliona mwenyewe."

Kwa lugha yao, tikar ni mkeka. Kain ni kitambaa. Warsiyah alimshika mkono, wakaingia ndani mbiombio.

Mkeka wa kulalia haukuwepo. Sanduku la mama mkwe lilikuwa wazi, na kile kitambaa cheupe alichojiwekea kwa siku yake ya mwisho hakimo.

"Nani kachukua sanda yangu?" akauliza mama mkwe, Bibi Darmi, akitokea jikoni.

Kabla hajajibiwa, Kartinah akaanguka. Mwili ulimwaka moto.

Bibi Darmi aliposimuliwa, akakaa chini kando ya mtoto.

"Mkeka. Kitambaa. Mwanangu, maiti anahitaji nini tena?"

Warsiyah akazipanga zile herufi kichwani. T... A... N...

Tanah.

Udongo.

Nje, mtu akakwaruza ukuta wa mianzi. Kwaru... kwaru...

"Mjukuu wangu," sauti ikanong'ona, "umeliona?"

Kartinah akafumbua macho, akatabasamu. "Nimeliona, bibi. Ta..."

Warsiyah akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akamng'ata. Damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko, mkono hakuuondoa.

"Mama, nisaidie. Siwezi kumziba hivi mpaka kuche."

"Jina limemlemea," Bibi Darmi alinong'ona. "Tumvue." Alikwisha kuvuta bakuli la uji wa mchele, akatia sukari ya mnazi upande mmoja, uwe mwekundu na mweupe kama desturi ya kubadili jina inavyotaka. "Taja jingine. Fupi, lisilo na neno ndani yake."

"Yem," Warsiyah akasema. Hakujua limetoka wapi.

Bibi Darmi akampaka mtoto uji kwenye paji la uso. Kisha akaugeukia ukuta.

"Huyu ni Yem. Kartinah hayumo humu."

Mkwaruzo ukakoma.

Halafu nyayo zikasikika zikiondoka taratibu kuelekea kisimani. Nyayo za watu wawili. Wa pili alitembea hatua fupifupi.

Homa ilishuka usiku uleule. Asubuhi Yem alikula akamaliza, akaomba tena, akacheka na bibi yake. Warsiyah alimtazama kutwa nzima, akashukuru, akamtazama tena.

Ilipofika magharibi, mlango ukagongwa. Uligongwa chini, pale unapofika mkono wa mtoto.

"Mama. Ni mimi, Kartinah. Nifungulie."

"Usiitikie," Bibi Darmi akasema kwa midomo tu.

"Mama, nimekosa nini? Huku nje kuna giza. Huyu bibi haniachi."

Yem akaacha kutafuna. "Mama, Kartinah ni nani?"

Warsiyah alikwisha kuuegemea mlango kwa mgongo, mtandio kaujaza mdomoni kilio kisimtoke. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameilea miaka minane. Akamtazama mtoto aliyekaa mbele ya sahani, naye akamtazama yeye, akisubiri jibu.

"Mama..."

Kidole kidogo kikapenya kwenye mwanya wa mianzi ya mlango, kikamgusa mgongoni.

Kilikuwa na joto.